Brasi, stenlesi na aluminiamu ya kahawia katika jiko moja: jibu kwa msomaji wa Luchelele

Swali: Shikamoo. Nyumba yetu ya Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, imefika hatua ya jikoni. Sinki ni la stenlesi, fremu za madirisha ni za aluminiamu ya kahawia, jiko la gesi lina mwili wa stenlesi na uso wa kioo cheusi, kaunta itakuwa ya granaiti ya kijivu na makabati yatakuwa ya mninga. Kaka yangu ameniletea koki ya rangi ya dhahabu kutoka Dubai, nami natamani vishikio vya makabati viwe vya brasi, ile shaba ya manjano. Fundi seremala anasema metali zote za jikoni lazima zifanane, la sivyo jikoni kutaonekana kama duka la spea. Fundi bomba naye anasema brasi haifai huku kwetu kwa sababu hewa ya ziwa itaitia weusi na ukijani. Je, inafaa kuchanganya? Na kama inafaa, nianzie wapi kabla makabati hayajafungwa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Inafaa kuchanganya, na ukitazama vizuri utaona kwamba umekwisha kuchanganya kabla hujanunua kishikio hata kimoja. Dirisha ni aluminiamu, sinki ni stenlesi, friji itakuja na rangi yake, bawaba za milango ya makabati zitakuwa na nikeli, na siku ya kuhamia utaingiza sufuria, masinia, birika na visu, vitu ambavyo katika nyumba zetu havifichwi bali hupangwa rafuni vikiwa vimesuguliwa hadi ving'ae. Jiko lenye metali ya sura moja tu lipo kwenye picha za katalogi, ambako hakuna anayepika. Kwa hiyo tuliache suala la kufanana, tuulize metali ipi itaongoza, zipi zitaifuata, na kila moja ikae mahali gani kulingana na kinachoigusa kila siku, yaani maji, chumvi, moto, mkono na mwanga.

Fundi seremala hakukosea kabisa. Anachokiogopa kipo, nami nimekiona katika nyumba nyingi nzuri: koki iliyong'arishwa kama kioo, vishikio vya rangi ya fedha iliyofifia, taa za dhahabu yenye wekundu na reli ya taulo ya kromu, kila kimoja kikiwa kimenunuliwa siku yake kwa sababu kilipendeza dukani. Katika chumba kama hicho jicho halipati pa kutulia. Hata hivyo, dawa ya hali hiyo ni mpangilio. Kulazimisha kila kitu kiwe cha kromu huondoa fujo na uzuri kwa pamoja, na mninga wako, ambao ni mti wenye rangi ya joto, utabaki peke yake katikati ya vitu baridi.

Anza na vile ambavyo hutavibadilisha. Sinki, jiko la gesi na friji ndivyo vyenye eneo kubwa na kazi nzito, na kwako vyote vinaelekea kwenye stenlesi. Basi stenlesi ndiyo kiongozi, hata kama siyo unayoipenda zaidi. Baada ya hapo hesabu dirisha, ambalo watu wengi hulisahau kwa sababu lilichaguliwa zamani na fundi wa aluminiamu wakati nyumba ikiwa bado ni tofali tupu. Fremu ya dirisha mara nyingi ndiyo metali kubwa kuliko zote ukutani. Kwako wewe mambo yamekaa vizuri, kwa kuwa kahawia ni rangi ya joto na ni jamaa wa mninga na wa brasi. Ingekuwa aluminiamu ya rangi ya fedha, ningekushauri brasi iwe kidogo sana. Kwa kuwa ni ya kahawia, brasi itaingia na kumkuta ndugu yake amekwisha kukaa.

Sasa una koo mbili za metali. Ukoo wa baridi ni stenlesi, kromu na aluminiamu isiyotiwa rangi. Ukoo wa joto ni brasi, shaba nyekundu na ile kahawia ya dirisha. Kromu ina ubuluu kidogo ndani ya weupe wake, ilhali nikeli ina umanjano kidogo, ndiyo maana nikeli hukaa katikati na huelewana na pande zote mbili, ingawa ina hatari yake nitakayoieleza hivi punde. Granaiti ya kijivu itakusaidia kuliko unavyodhani. Jiwe hilo, kama miamba iliyoipa Mwanza jina la Jiji la Miamba, si la kijivu tupu. Lina chembe nyeupe au za waridi, chembe za kioo na chembe nyeusi, na kwa hiyo lina baridi na joto ndani ya kipande kimoja. Ukipata nafasi ya kuchagua bamba lenyewe ghalani, chagua lile ambalo chembe zake za waridi zinaonekana.

Kiongozi akishapatikana, metali ya pili inahitaji kurudiwa. Tazama kanga: rangi iliyo kwenye pindo hurudi ndani ya mji, hata kama ni kwa vidoa vichache, na ndiyo sababu pindo halionekani kama kitambaa cha pembeni kilichoshonewa baadaye. Brasi ikitokea mahali pamoja tu, kwa mfano kwenye koki peke yake, kila mgeni atadhani koki ya zamani iliharibika ukanunua iliyopatikana. Ikitokea kwenye vishikio, ikarudi kwenye taa inayoning'inia juu ya kaunta, na ikaonekana tena kwenye ndoano mbili tatu za kutundikia vitambaa, hapo itasomeka kuwa ni uamuzi. Kipimo ninachokitumia ni kwamba theluthi mbili au zaidi ya metali inayoonekana iwe ya kiongozi, sehemu kubwa ya inayobaki iwe ya mfuasi mmoja, na wa tatu akiwepo awe mstari tu. Kwako mstari huo ni weusi wa kioo cha jiko la gesi, ambao unaweza kuurudia kwenye reli nyembamba ya kutundikia miiko na vikaango. Reli hiyo usiinunue. Fundi wa kuchomelea aliye karibu nawe atakutengenezea kwa nondo laini au bomba la mraba, mradi aipake rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha nyeusi isiyong'aa.

Hatari niliyoitaja kuhusu nikeli ni hii. Kinachoudhi zaidi jikoni ni metali mbili zinazokaribia kufanana lakini hazifanani. Koki ya nikeli iliyopigwa brashi, ikisimama juu ya sinki la stenlesi lililopigwa brashi, huonekana dukani kuwa ni rangi ileile. Ukiifunga nyumbani, moja inageuka ya manjano na nyingine ya kijivu, na kila mtu anaona kwamba ulitaka zilingane ukashindwa. Brasi juu ya stenlesi haina shida hiyo, kwa kuwa tofauti yake iko wazi. Ama kitu kiwe sawasawa na jirani yake, ama kiwe tofauti bila shaka yoyote, katikati hapakaliki. Kanuni hiyohiyo inahusu vitu vya rangi ya dhahabu vilivyotoka viwandani tofauti. Dhahabu ya kiwanda kimoja ina ukijani, ya kingine ina wekundu, ya tatu imekolea kama rangi ya pete, na jina lililoandikwa kwenye boksi halikusaidii kitu. Ndiyo maana nitakuomba baadaye ubebe koki yako mkononi kwenda kutafuta vishikio, wala usitegemee picha ya simu.

Jambo jingine linalofuatana na hilo ni namna uso ulivyomalizwa: kung'arishwa kama kioo, kupigwa brashi hadi uwe na mistari midogo, au kupakwa usiakisi kabisa. Rangi zikiwa tofauti, ni busara namna ya kumaliza ifanane. Sinki lako na mwili wa jiko la gesi bila shaka vimepigwa brashi, kwa hiyo brasi iliyopigwa brashi itaelewana navyo kuliko ile inayong'aa kama kioo. Nyumba ikiwa Luchelele kuna sababu ya ziada ya kuufikiria mng'ao, kwa sababu Ghuba ya Mwanza iko upande wa magharibi. Kama sinki liko chini ya dirisha linalotazama ziwa, kama wengi wanavyopenda, jua la jioni linaposhuka kuelekea saa moja litapiga moja kwa moja kwenye koki, tena mara ya pili kwa kuakisiwa na maji, na anayeosha vyombo atakuwa na cheche machoni wakati ule hasa wa kuandaa chakula cha usiku.

Sasa nije kwa fundi bomba na hewa ya ziwa, maana hapa ndipo watu wengi wa Mwanza hupotezwa na ushauri uliotoka mahali pengine. Hofu ya brasi na vyuma kuharibika kwa hewa ilianzia pwani, nayo ni ya kweli huko. Katika nyumba za Msasani, Kigamboni au Tanga, upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi na kuziweka juu ya kila kitu, na kloridi iliyomo katika chumvi ndiyo adui mkubwa wa metali nyingi. Ziwa Victoria ni la maji baridi. Upepo wake unaleta unyevu, lakini hauleti chumvi. Brasi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na katika hewa yenye unyevu, moshi na jasho la mikono hujenga polepole utando wa kahawia unaofanana na rangi ya asali mbichi, kisha huendelea kukolea. Utando huo ni wa juu tu. Ukijani ambao fundi wako anausema hutokea pale brasi inapokaa na majimaji kwa muda mrefu, hasa yenye chumvi au asidi, na hilo haliletwi na ziwa.

Huletwa na ndoo ya samaki. Sato na sangara huoshwa kwa chumvi na ndimu, dagaa huoshwa kwa maji ya chumvi, na yote hayo hufanyika kwenye sinki na pembeni mwa koki. Kwa hiyo jiko la Mwanza lina pwani yake ndogo, yenye upana wa hatua moja kila upande wa sinki, na nje ya hapo hali ni ya salama. Nimeona vishikio vya brasi tupu vikikaa vizuri upande mmoja wa chumba, ilhali koki ya brasi hiyohiyo imejaa madoa upande wa pili, wala hapakuwa na siri yoyote zaidi ya ndimu. Ukilijua hilo, mgawanyo unakuwa rahisi: ndani ya pwani hiyo ndogo weka metali inayovumilia, na nje yake weka ile unayoipenda.

Metali inayovumilia ni stenlesi, lakini nayo si moja. Daraja linaloitwa 304 lina takriban asilimia 18 za kromiamu na asilimia 8 za nikeli. Kromiamu hujenga juu ya chuma utando mwembamba usioonekana, ambao ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe maadamu hewa inaufikia. Daraja la 201 limepunguziwa nikeli na kuongezewa manganizi, bei yake ni ya chini, na huanza kupata vidoa vya kutu mapema. Daraja la 430 karibu halina nikeli, na hushika sumaku. Ukienda na sumaku dukani utaitambua 430, ila usidhani kwamba kila kisichoshika sumaku ni 304, kwa kuwa 201 nayo kwa kawaida haishiki. Mwombe muuzaji akuonyeshe alama au karatasi ya kiwanda. Unene nao ni muhimu, na sinki la milimita 1 halitetemeki wala halibonyei kama la milimita 0.8 au pungufu.

Hata 304 ina mipaka yake. Jiki iliyoachwa sinkini usiku kucha, au chumvi ya samaki iliyokauka kwenye pembe, huutoboa ule utando na kuacha vitundu vidogo vyeusi visivyofutika. Stiliwaya nayo huacha chembe za chuma cha kawaida ambazo hushika kutu, na mwenye nyumba hudhani ni sinki linalooza. Sifongo laini, sabuni ya kawaida, kusuuza na kukausha vinatosha. Kwa upande wa maji una neema ambayo watu wa Dodoma, wanaotegemea sana maji ya visima, hawana. Maji ya ziwa ni laini, yana chokaa kidogo, kwa hiyo hayataacha ule ukoko mweupe kwenye koki. Kama nyumba yako inatumia kisima kilichochimbwa, hali inaweza kuwa tofauti, na utaijua kwa kutazama ndani ya birika la kuchemshia maji.

Koki ya kaka yako sasa. Usiiamulie kwa rangi. Igeuze chini juu utazame nyuzi zake za ndani, pale panapoungwa bomba, mahali ambapo rangi mara nyingi haifiki. Ukiona umanjano, mwili ni wa brasi. Ukiona kijivu cheupe, kuna uwezekano mkubwa ni mchanganyiko wa zinki, ambao hutengenezwa kwa kumiminwa kwenye kalibu na huuzwa kwa bei nafuu. Uzito husaidia pia, kwa sababu brasi ni nzito mkononi kuliko zinki, na plastiki iliyopakwa rangi ni nyepesi mno. Koki ya zinki huliwa na maji kutoka ndani, kisha rangi ya nje huvimba malengelenge na kubanduka.

Baada ya mwili, uliza kuhusu ngozi. Rangi ya dhahabu inaweza kuwa ni vanishi juu ya brasi, inaweza kuwa ni tabaka jembamba lililowekwa kwa umeme, au inaweza kuwa ni tabaka gumu lililowekwa kwa mvuke wa metali ndani ya chemba isiyo na hewa, ambalo kwenye boksi huandikwa PVD. Hili la mwisho ndilo ninaloliamini kando ya sinki. Vanishi ikichubuka, na itachubuka, brasi iliyo chini hupata doa jeusi lenye umbo la mchubuko, na huwezi kulisugua bila kuiondoa vanishi yote. Kwa kulinganisha, kromu ya kawaida ya mapambo haifikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita kwa unene na bado hudumu, kwa sababu chini yake kuna tabaka nene zaidi la nikeli. Ubora wa koki ya kromu kwa kiasi kikubwa ni ubora wa nikeli usiyoiona.

Kama koki ni ya brasi na ina PVD, ifunge bila wasiwasi na vishikio viifuate. Kama ni ya zinki, bado sikushauri uifiche kabatini wakati kaka yako ameibeba kutoka mbali. Ifunge na uitumie, lakini usiifanye iwe msingi wa maamuzi mengine, kwa kuwa itakuja kubadilishwa. Kinachotakiwa ni tundu kwenye kaunta au sinki liwe la kipenyo cha kawaida cha milimita 35, ili koki yoyote ya baadaye iingie. Neno la afya nalo lisipitwe: brasi nyingi huongezewa kidogo metali ya risasi, yenye sumu, ili ichongeke kwa urahisi, na nchini Marekani sheria tangu 2014 imeweka kikomo cha wastani wa asilimia 0.25 kwenye sehemu zinazogusa maji ya kunywa. Tafuta koki iliyoandikwa kwamba haina risasi au ina kiasi kidogo. Na koki yoyote iwayo, yaache maji yaliyolala humo usiku yatiririke kidogo asubuhi kabla ya kuchota ya kunywa au ya kupikia uji wa mtoto.

Vishikio ndipo mahali pa kujifurahisha. Vingi viko mbali na sinki, hushikwa kwa mkono na havilowi. Ningekuchagulia brasi tupu isiyo na vanishi, iliyopigwa brashi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huzeeka kwa pamoja, na tofauti ndogo za rangi hufutika zenyewe baada ya miezi. Ya pili ni kwamba mahali mkono unapopita kila siku pataendelea kung'aa na pembeni patakolea, jambo ambalo kwenye mninga hupendeza sana, maana mti wenyewe nao hubadilika rangi kadiri miaka inavyokwenda. Ukitaka ving'ae tena, ndimu na chumvi kidogo, au ukwaju na majivu kama walivyofanya bibi zetu kwa vyombo vya shaba, vitafanya kazi, ila suuza kwa maji safi na ukaushe papo hapo, kwa kuwa asidi na chumvi iliyobaki kwenye upenyo ndiyo inayoleta ukijani. Dawa hiyo usiipeleke kamwe kwenye koki yenye vanishi au tabaka la rangi. Na ile milango miwili iliyo chini ya sinki, ambako mikono huja ikiwa na maji na ndimu, ivalishe vishikio vya umbo lilelile vya PVD kama utavipata, au ikatwe mpenyo wa kuingiza vidole juu ya mlango, isihitaji kishikio kabisa.

Chagua vishikio ambavyo umbali kati ya matundu ya skrubu ni wa kawaida, yaani milimita 96, 128 au 160. Mtu hubadilisha mawazo, na vishikio vya kipimo kigeni huacha matundu kwenye mninga ambayo hakuna kishikio kingine kitakachoyafunika.

Kuna kugusana kwa metali ambako hakuhusu macho. Metali mbili tofauti zikigusana huku zimelowa, iliyo dhaifu huliwa haraka kuliko ambavyo ingeliwa peke yake, na maji yakiwa na chumvi kasi huongezeka. Koki ya brasi iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la chuma lililopakwa zinki huila zinki ya bomba kwenye nyuzi, na baada ya muda panavuja. Nyumba mpya nyingi zina mabomba ya plastiki ya PPR, ambayo hukata mgusano huo, hivyo huenda shida hiyo hunayo. Lakini mfano utakaouona mwenyewe ni sufuria ya aluminiamu iliyolazwa usiku kucha kwenye sinki la stenlesi ikiwa na maji ya chumvi: asubuhi ina madoa meupe, na ikirudiwa mara nyingi hupata vitundu. Sufuria inapata hasara, sinki halipati.

Taa zinaweza kuharibu kazi yote hii kwa usiku mmoja. Balbu nyingi za LED zinazouzwa madukani ni za mwanga mweupe wa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga huwa wa baridi zaidi), ambao hufanya stenlesi iwe ya buluu na brasi iwe ya kijani kama imeugua. Tumia 2700K hadi 3000K kwenye taa inayoning'inia na chini ya makabati, na ikiwa unahitaji mwanga mweupe zaidi mahali pa kukatia mboga na kupara samaki, usivuke 4000K. Angalia pia alama ya uwezo wa balbu kuonyesha rangi, inayoandikwa CRI. 90 au zaidi ndiyo inayofaa, hasa kwa mwenye kupima ubichi wa samaki kwa rangi ya mashavu yake.

Kwa hiyo kwako ningepanga hivi. Sinki, jiko la gesi, friji na kifyonza moshi vibaki stenlesi iliyopigwa brashi, na bawaba zisizoonekana ziwe za nikeli bila kujisumbua. Brasi iende kwenye vishikio, kwenye taa juu ya kaunta, na kwenye koki ikiwa imefaulu majaribio niliyoeleza. Ikishindwa, atakayeirithi baadaye awe wa stenlesi sawasawa na sinki. Nyeusi iwe reli moja. Dirisha liachwe na kahawia yake, wala asije mtu kukushawishi ulipake rangi. Sufuria za aluminiamu zipewe rafu yao upande ulio mbali na vishikio, kwa sababu zikisuguliwa zina mng'ao mkali kuliko kila kitu humo ndani, na zikikaa jirani na brasi zitaifanya ionekane chafu.

Kabla ya kulipia chochote, kusanya kipande cha mninga kilichopakwa vanishi utakayotumia, kipande cha granaiti, koki yenyewe na sampuli ya kishikio, uviweke pamoja pale pale sinki litakapokaa. Vitazame saa sita mchana, vitazame jua linapozama, kisha uwashe balbu utakayoitumia na uvitazame usiku. Kishikio kinachopendeza nyakati mbili kati ya tatu hakitoshi. Ukiridhika, nunua vyote kwa mkupuo mmoja na uongeze viwili vya akiba, kwa sababu toleo lile linaweza lisionekane tena dukani mwaka ujao. Mpe fundi seremala kishikio kimoja halisi kabla hajatoboa mlango wa kwanza, ili atengeneze kiolezo cha ubao na matundu yote yatoke kwa kipimo kimoja. Na vishikio vifungwe mwisho, vanishi ya mninga ikiwa imekauka kabisa, kwa kuwa, ukiwa umeishia kununua vyenye vanishi, thina ikividondokea huibandua ngozi yake hata kabla hujahamia.